Ncha Kwanza, Namba Baadaye: Kuchagua Brashi ya Kupaka Sanamu Ndogo

Mtu anayeanza kupaka rangi sanamu ndogo za michezo ya mezani kwa kawaida hutafuta brashi ndogo kuliko zote dukani. Ana sababu ya kueleweka. Askari wa kawaida katika michezo hii ana kimo cha milimita 28 hadi 32, yaani ni mtu mzima aliyepunguzwa takribani mara 60. Jicho la binadamu lenye upana wa milimita 30 hivi, likipunguzwa kwa kiasi hicho, hubaki nusu milimita. Wachongaji huvikuza kidogo vichwa na mikono ili sura ionekane, lakini hata hivyo kazi yote ni ya milimita moja na vipande vyake. Basi mnunuzi akiona brashi yenye sifuri tatu au tano kwenye mpini, na nywele chache mno kwenye ncha, huamini amepata chombo kinacholingana na kazi. Makala hii inamshauri afanye kinyume, kwa sababu brashi hiyo ndiyo itakayomchelewesha. Mstari mwembamba hutokana na ncha, na ncha hutii pale kiasi cha rangi na maji ndani ya nywele kinapokuwa sawa. Ukubwa wa brashi huamuliwa baada ya hayo mawili, na mara nyingi jibu lake ni brashi kubwa kuliko mtu alivyodhani.

Tuanze na umbo la brashi yenyewe. Brashi ya mviringo iliyotengenezwa vizuri ina mpini, shingo ya chuma inayobana nywele, halafu nywele zenyewe, ambazo zina sehemu mbili zenye kazi tofauti. Sehemu ya kati iliyotuna ni tumbo, na tumbo ndilo ghala la rangi. Kutoka hapo nywele hupungua unene taratibu hadi zinapokutana mahali pamoja, nayo ndiyo ncha. Inayogusa sanamu ni ncha. Kazi ya tumbo ni kuilisha. Mpaka hina wa Lamu au Mombasa analijua jambo hili kwa vitendo: koni yake imejaa hina na ni nene mkononi, lakini ua analochora kiganjani lina mistari myembamba kwa sababu tundu la koni ni dogo. Hakuna anayemshauri atumie koni nyembamba ili apate mstari mwembamba, kwa kuwa angelazimika kusimama kila baada ya jani moja kuijaza upya. Brashi hufuata kanuni hiyohiyo, na hesabu yake ni rahisi. Brashi yenye tumbo na urefu mara mbili ya nyingine hubeba rangi karibu mara nane, kwa sababu ujazo huongezeka kwa upana, kwa kina na kwa urefu. Eneo la nje, ambalo ndilo linalopoteza maji hewani, huongezeka mara nne tu. Kwa hiyo brashi kubwa hubeba rangi nyingi zaidi, na rangi hiyo huchelewa zaidi kukauka. Brashi ya sifuri tano huanza kukauka kabla haijafika kwenye sanamu, na mpakaji hudhani mkono wake ndio unaokosea.

Historia ya uchoraji wa vitu vidogo inaunga mkono hoja hii. Kampuni ya Winsor & Newton, iliyoanzishwa London mwaka 1832, inaeleza kwamba brashi zake za Series 7 zina asili yake katika agizo la mwaka 1866, pale Malkia Victoria alipotaka atengenezewe brashi bora kabisa katika ukubwa alioupenda, nao ulikuwa namba 7. Namba 7 si brashi ndogo hata kidogo. Lakini kwa mchoraji wa rangi za maji, brashi kubwa yenye ncha kali hufanya kazi mbili bila kubadilishwa: hujaza anga kwa tumbo na huchora tawi la mti kwa ncha. Brashi za mfululizo huo, katika namba ndogo zaidi, ndizo zinazopendwa hadi leo na wapakaji wengi wa sanamu ndogo. Mtu anaweza kupinga kwa kutaja wachoraji wa picha ndogo wa makasri ya wafalme wa Mughal nchini India, ambao sifa yao imefungamana na brashi ya unywele mmoja. Ukweli ni kwamba brashi ile ilikuwa kifungu cha nywele laini, hasa za mkia wa kindi, zilizopangwa mpaka mwisho wake ukawa wa unywele mmoja. Unywele mmoja peke yake usingebeba rangi ya kutosha hata kwa kope moja. Hata katika kazi ile ya ustadi wa hali ya juu, ncha ilitegemea nywele zilizokuwa nyuma yake.

Suala la kukauka linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndilo linalotofautisha rangi za sanamu na rangi nyingine ambazo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wamezizoea. Wachoraji wa Tingatinga, mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 1968 na Edward Saidi Tingatinga, hutumia rangi za mafuta zinazong'aa, ambazo hukauka polepole na huoshwa kwa mafuta ya taa au thina. Rangi za sanamu ndogo siku hizi ni za akriliki. Ndani yake mna chembe ndogo mno za plastiki zinazoelea kwenye maji pamoja na vumbi la rangi. Maji yanapokwenda hewani, chembe hizo hukaribiana na kuungana, zikawa utando mmoja ambao maji hayauyeyushi tena. Hiyo ndiyo faida yake, maana tabaka la pili haliliharibu la kwanza. Hiyo pia ndiyo hatari yake kwa brashi, kwa sababu kilichokauka ndani ya nywele hakitoki kwa maji. Hali ya hewa nayo ina nguvu. Nyakati za kiangazi bara, hewa ni kavu na rangi hukauka upesi; pwani unyevu husaidia, lakini feni inayozunguka juu ya meza huondoa msaada huo wote. Ushauri wa kwanza kabisa, na usiogharimu chochote, ni kuhamisha meza au kuelekeza feni kwingine.

Sasa tuje kwenye nywele. Zinazosifiwa zaidi ni za mkia wa kicheche wa Siberia, anayepatikana Siberia na kaskazini mashariki ya China. Madukani brashi zake huitwa Kolinsky. Sifa yake inaweza kuelezwa kwa maumbile. Unywele wake ni mnene katikati na umechongoka mwishoni, na uso wake una magamba madogo yanayoshika maji. Fundi wa brashi hakati ncha za nywele hizo kwa mkasi. Huzipanga ncha zote zikiwa upande mmoja, hufunga kifungu, kisha hukiingiza kwenye shingo ya chuma. Kwa hiyo ncha ya brashi ni mkusanyiko wa ncha za asili za nywele nyingi. Nywele za sintetiki, nyingi zikiwa nailoni, huchongolewa kiwandani na uso wake ni laini, hivyo hubeba maji kidogo zaidi na huyaachia kwa ghafla. Tatizo lake kubwa hujitokeza baadaye: ncha hupinda na kuwa ndoano. Kuichovya kwenye maji ya moto huinyoosha kwa muda, lakini hurudi kupinda. Hata hivyo nailoni ni imara, bei yake ni nafuu, na haiumizwi sana na rangi nzito au kusuguliwa. Kwa hiyo chagua kwa kuangalia kazi: nywele za mnyama kwa kazi ya ncha, sintetiki kwa kazi ya kuchosha.

Usiinunue brashi kwa kuitazama ikiwa kavu. Brashi nyingi mpya hupakwa gundi nyepesi kiwandani ili nywele zisitawanyike safarini, na gundi hiyo huipa hata brashi mbovu ncha nzuri ya kuuza. Mwombe muuzaji maji kidogo kwenye kikombe. Lowesha nywele mpaka gundi itoke, tikisa brashi mara moja kwa nguvu, kisha itazame kwenye mwanga. Brashi nzuri hukusanya nywele zake zote kwenye ncha moja bila kusaidiwa kwa vidole. Iburute kidogo juu ya ukucha: ikiinuliwa inapaswa kunyooka tena, bila kubaki imelala na bila kugawanyika mara mbili. Kagua pia nywele moja moja zinazochomoza pembeni, na kama shingo ya chuma inacheza kwenye mpini. Aliyeagiza mtandaoni afanye jaribio hilohilo siku kifurushi kinapofika, wakati bado anaweza kukirudisha. Jaribio hili lina uzito kuliko jina la kampuni, kwa sababu hata mtengenezaji mwenye sifa hutoa brashi zinazotofautiana kidogo, na hata brashi isiyo na jina inaweza kufaulu.

Namba iliyoandikwa kwenye mpini nayo isikutawale. Hakuna kipimo kimoja cha kimataifa kinachowabana watengenezaji. Namba 1 ya kampuni moja inaweza kulingana na namba 2 ya nyingine, na brashi mbili zenye namba moja zinaweza kupishana urefu wa nywele. Nywele ndefu hubeba rangi zaidi na hupitisha mstari mrefu vizuri. Fupi ni rahisi kuongoza lakini hukauka mapema. Kwa sanamu ya milimita 28 hadi 32, anayeanza anahitaji brashi tatu tu. Ya kwanza ni ya mviringo, namba 1 au 2, yenye ncha bora kuliko zote anazoweza kumudu. Hii itafanya sehemu kubwa ya kazi. Ya pili ni ya sintetiki, ya bei ndogo, kwa ajili ya kuchanganya rangi, kupaka praima (tabaka la kwanza linaloshikiza rangi) na rangi za metali. Ya tatu ni laini na pana kwa mbinu ya brashi kavu itakayoelezwa hapa chini, na hapa hakuna haja ya duka la wasanii: brashi ndogo ya mviringo ya vipodozi, inayopatikana katika duka lolote la urembo, inafanya kazi hiyo vizuri sana. Seti ya brashi kumi zilizofungwa kwenye pakiti moja huvutia macho, lakini fedha yake hugawanyika kwa kumi. Afadhali fedha hiyo iingie kwenye ncha moja.

Baada ya kununua, swali la mbinu huanza, na hapa ndipo hoja ya unyevu inapodhihirika. Mbinu za kupaka sanamu zina majina mengi, na mwanafunzi huzihesabu kama masomo yaliyotengana. Ukizitazama kwa karibu utaona zinatofautishwa na jambo moja: kuna rangi kiasi gani kwenye nywele, na rangi hiyo ina maji kiasi gani. Kazi huanza na praima, kwa sababu akriliki haishiki vizuri kwenye plastiki, resini au metali tupu. Sanamu ioshwe kwa maji ya sabuni kwanza, ikauke, kisha ipakwe praima. Ya kupuliza kwa kopo ni ya haraka, lakini katika hewa yenye unyevu mwingi, kama pwani wakati wa masika, inaweza kukauka ikiwa na chembechembe za kukwaruza. Wakati huo praima ya kupaka kwa brashi ni salama zaidi. Rangi ya msingi hufuata, na kosa la kawaida hapa ni kuipaka kama ilivyotoka kwenye chupa. Rangi nzito huziba mikunjo ya nguo na vidole ambavyo mchongaji alivifanyia kazi. Iongeze maji kidogo na uipake mara mbili au tatu, ukisubiri kila tabaka likauke. Tabaka la kwanza litaonekana dhaifu na lenye mabaka. Lisikutie wasiwasi, la pili litalifunika.

Kisha huja vivuli. Sanamu ndogo ina mikunjo yenye kina cha milimita moja au pungufu, na mwanga wa chumba haufanyi humo vivuli vikali kama unavyofanya kwenye kanzu ya mtu mzima. Ndiyo maana kivuli hakina budi kupakwa. Njia ya haraka ni rangi nyepesi ya majimaji, ambayo huteremka kwenye mashimo na kuyatia giza. Brashi hapa hujaa, na tumbo kubwa lina thamani yake, kwa sababu uso mzima wa koti unapaswa kuloweshwa kabla upande wa kwanza haujakauka. Rangi ikitulia kama dimbwi mahali usipotaka, kausha brashi kwenye tishu, gusisha ncha kwenye dimbwi, nayo itanyonya. Brashi hapo inaondoa rangi badala ya kuiweka, na brashi ndogo haina nafasi ya kuipokea. Upande wa pili kabisa wa unyevu kuna brashi kavu. Unachukua rangi bila maji, unaifuta kwenye tishu mpaka ibaki kama vumbi, kisha unapitisha brashi juu juu ili rangi ishike kwenye kingo zilizoinuka tu: manyoya, minyororo, mawe, magome ya miti. Ni mbinu nzuri kwa nyuso zenye mikwaruzo, na mbaya kwa uso wa mtu au kitambaa laini, ambapo huacha unga. Ni mbinu inayovunja nywele pia, na kwa sababu hiyo usiifanye kamwe kwa brashi yako ya ncha.

Katikati ya hali hizo mbili kuna mbinu zinazotaka ustadi zaidi. Kupaka kwa tabaka ni kupandisha rangi kutoka iliyokolea kwenda angavu kwa hatua, kila hatua ikifunika eneo dogo kuliko iliyotangulia. Kuchora kingo ni kupitisha mstari wa rangi angavu kwenye ukingo wa siraha au upanga, na siri yake ni kutumia ubavu wa ncha: laza brashi kidogo, iburute kando ya ukingo, na ukingo wenyewe utaongoza mstari. Utando mwembamba ni rangi yenye maji mengi sana, ikiwa kwenye brashi iliyopunguzwa rangi hadi isiweze kutiririka; hupakwa mara nyingi ili kulainisha mpaka kati ya rangi mbili. Kumbuka kwamba rangi nyingi zaidi hubaki pale brashi inapoinuliwa, hivyo mvuto umalizike mahali unapotaka rangi ikolee. Kuchanganya rangi mbili zikiwa mbichi juu ya sanamu ni mbinu ya haraka yenye matokeo laini, lakini inadai zote mbili zibaki mbichi kwa sekunde kadhaa. Mwenye brashi ya sifuri tatu hawezi kuifanya, hata awe hodari kiasi gani, kwa sababu ya kwanza itakauka akiwa anaitafuta ya pili.

Basi ujuzi ambao mbinu zote hizi zinautegemea ni wa kujaza brashi, na unastahili kujifunza kabla ya mwingine wowote. Chovya nywele hadi nusu, zisizidi; rangi isikaribie shingo ya chuma. Vuta brashi kwenye kibao cha kuchanganyia huku ukiizungusha kati ya vidole, ili nywele zijisokote na ncha ijiunde. Kisha, kabla ya kugusa sanamu, gusisha ubavu wa tumbo kwenye tishu kwa nukta moja. Tishu itanyonya ziada iliyo nyuma, na ncha itabaki imejaa kiasi. Wanaoanza huruka hatua hiyo ya tishu, na matokeo yake ni tone linaloanguka na kufurika usoni mwa sanamu. Jaribu kwanza kwenye ukucha wa kidole gumba: mstari ukitawanyika na kukimbilia pembeni, maji au rangi imezidi; ukiacha michirizi ya nywele, rangi ni nzito; ukibaki pale ulipouweka na kingo zake zikiwa safi, endelea. Kinachosaidia sana ni kibao chenye unyevu, na kinaweza kutengenezwa nyumbani: chombo bapa cha plastiki chenye mfuniko, tishu kadhaa au sponji iliyoloweshwa, na karatasi ya kuokea juu yake. Maji hupanda taratibu kupitia karatasi na kuiweka rangi katika hali ileile kwa saa kadhaa. Badilisha maji mara kwa mara ili ukungu usiote.

Pingamizi la kwanza linajulikana: macho je? Nusu milimita itapakwaje kwa brashi namba 1? Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, ncha nzuri ya namba 1 huweza kuacha nukta ndogo kama ya sifuri tatu, na huiacha ikiwa bado mbichi. Pili, ambalo ni muhimu zaidi, mstari mwembamba kwenye sanamu si lazima uchorwe ukiwa mwembamba. Shimo la jicho hupakwa giza lote, bila woga. Juu yake huwekwa mstari mfupi wa rangi ya maziwa, ukiacha ukingo wa giza. Mboni huwekwa kwa nukta au kwa mstari wima unaovuka jicho kutoka juu hadi chini. Halafu rangi ya ngozi hurudishwa juu na chini ya jicho, ikila sehemu iliyozidi mpaka kubaki kile kinachotakiwa. Kope nyembamba inayoonekana mwishoni ni mabaki kati ya mivuto miwili mipana. Mbinu hiyohiyo hutoa mishono ya nguo, mikanda na mpaka kati ya mkono na shati. Aliyeielewa haogopi tena kukosea, kwa sababu kila kosa linaweza kufunikwa kutoka upande wa pili. Na mikono isielee hewani: bandika sanamu kwenye kifuniko cha chupa ili upate pa kushika, weka viwiko mezani, gusanisha viganja, na uvute brashi kuelekea kwako badala ya kuisukuma ncha mbele.

Pingamizi la pili ni kwamba wapo mafundi mashuhuri wanaotumia brashi ndogo mno, na kazi zao hushinda mashindano. Ni kweli wapo. Lakini fundi huyo ameshajifunza kusoma unyevu kwa mguso wa kwanza, anapaka kwa kioo cha kukuzia, na anatumia brashi hiyo kwa nukta chache za mwisho baada ya nyingine kufanya kazi yote. Anayemwiga kwa kuanza na chombo chake cha mwisho anachukua mwisho wa safari bila safari. Isitoshe, brashi ndogo humfundisha anayeanza tabia mbaya: hupaka kwa kudonoa, uso hujaa alama za mivuto mifupi, naye huongeza rangi nzito ili isikauke haraka, jambo linaloharibu zaidi. Ukifika mahali ambapo ncha ya namba 1 imeshindwa kweli, na si mkono au rangi iliyoshindwa, nunua namba 0 na itakufaa.

Pingamizi la tatu ni la fedha na la dhamiri, na yote mawili yana uzito. Brashi ya nywele za kicheche hugharimu mara kadhaa ya sintetiki, na kwa msomaji anayeagiza kutoka nje kuna nauli na ushuru juu yake. Biashara yenyewe ina masharti: mnyama huyo amewekwa na India katika Kiambatisho cha III cha mkataba wa CITES, na mwaka 2013 uingizaji wa brashi hizi Marekani ulikwama kwa sababu ya masharti ya hati. Wapo pia wasiotaka kutumia nywele za mnyama kwa huruma au kwa imani. Kwao wote jibu ni lilelile: hoja ya makala hii haimtegemei kicheche. Sintetiki ya mviringo iliyofaulu jaribio la maji, yenye tumbo na ncha, ni bora kuliko nywele ghali zilizogawanyika. Itachakaa mapema; ikipinda ncha, ishushe cheo iwe ya rangi za metali. Vipande vidogo vinavyong'aa katika rangi hizo, mara nyingi vya mika, hukaa kwenye maji ya kuoshea na kujitokeza kwenye rangi nyingine, hivyo rangi za metali zinastahili brashi yake na kikombe chake.

Pingamizi la nne hutolewa na wanaosema kwamba rangi mpya zimeimaliza hoja hii. Mwaka 2019 kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, ilitoa chini ya jina la Citadel rangi ziitwazo Contrast, ambazo kwa mpako mmoja hutia kivuli kwenye mashimo na kuacha mwanga kwenye kingo. Ni rangi nzuri, hasa kwa mwenye jeshi la sanamu mia moja. Lakini hufanya kazi kwa kutiririka, na anayezitumia vibaya hupata madimbwi na mabaka. Kinachozituliza ni brashi yenye tumbo inayoweza kuweka nyingi kwa mkupuo na kunyonya ziada mara moja. Kwa hiyo urahisi wa rangi hizi hauondoi haja ya kujua unyevu. Unaifanya ionekane mapema.

Limebaki suala la kuitunza brashi, kwa sababu ncha nzuri huuawa na mazoea zaidi ya kazi. Suuza kila baada ya dakika chache hata kama hubadilishi rangi. Usiiache imesimama kwa nywele ndani ya kikombe. Dakika kumi zinatosha kuipinda. Usiisugue kwenye kitako cha kikombe. Mwisho wa kazi, zungusha nywele juu ya sabuni ya kipande iliyolowana mpaka povu litoke jeupe, suuza kwa maji baridi au vuguvugu, unda ncha kwa vidole, na uilaze ikauke. Rangi ikiingia kwenye shingo ya chuma na kuganda, husukuma nywele zitanuke kutoka ndani, na hapo ncha hairudi. Na usinoe ncha kwa mdomo, ingawa wapakaji wengi hufanya hivyo. Nchini Marekani, kuanzia mwaka 1917, wasichana waliopaka namba za saa kwa rangi ya radiamu walifundishwa kunoa brashi kwa midomo yao. Wengi waliugua mifupa ya taya, na baadhi walikufa. Rangi za leo si radiamu, lakini baadhi hutumia kadimiamu na madini mengine yasiyofaa kumezwa. Tishu yenye unyevu huunda ncha vizuri vilevile.

Kwa anayetaka kuanza mwezi huu, mpangilio ni huu. Tenga sehemu kubwa ya bajeti ya brashi kwa moja yenye ncha, na uijaribu kwa maji. Tengeneza kibao chenye unyevu. Chukua sanamu tano zinazofanana, uzipake praima, na ujifunze mbinu kwa mfuatano wa unyevu wake: rangi ya msingi kwa matabaka mepesi, rangi ya majimaji kwa vivuli, brashi kavu kwa nyuso za mikwaruzo, kisha kupaka kwa tabaka na kuchora kingo. Utando mwembamba na kuchanganya rangi mbichi vije mwisho. Usinunue brashi ya nne mpaka uweze kusema kwa usahihi ni kazi gani ambayo zile tatu zimeshindwa kuifanya, na kwa nini. Kila mara matokeo yanapokuwa mabaya, chunguza kwanza maji yaliyomo kwenye brashi, pili hali ya ncha, na mwisho ndipo ufikirie ukubwa wake. Anayefuata utaratibu huo atatumia fedha kidogo, na kazi yake itakua kwa kila sanamu kwa sababu anajifunza kitu kilekile katika kila mbinu.